Tondezi ya kukalia italala miezi 6 mu hangari, nifanye nini mbele ya kuifunga?

Baba Pelusi (Lubumbashi)
Jambo bandugu na bamama. Naomba shauri yenu mbele kiangazi haijakomaa. Niko na trakta ya kukata majani, ile ya kukalia, moteri Briggs & Stratton silinda moja, deki (ile sehemu ya chini yenye wembe) ya sentimita 107, niliinunua ya okazioni kwa mutu mwenye alikuwa anahama. Nakatia nayo parseli ya kwetu upande wa Golf, na misheni mbili, na masomo moja (shule), kwa hiyo haiko kitu ya kuchezea, njo inalipaka minerivale (karo) ya batoto.

Sasa muko munajua Lubumbashi, mwezi wa 5 majani inaacha kuota, mvua ya kweli inarudi mwezi wa 11. Mwaka jana nilikata mara ya mwisho nikaisukuma mu hangari nyuma ya nyumba nikafunga kadenasi, basi, sikuigusa tena. Mwezi wa 11 nageuza funguo, kimya, hata ule mulio mudogo wa starteri hakuna. Nikaunga bateri ya gari, moteri inazunguka lakini haiwaki. Fundi akafungua karbirateri mbele yangu, mu kile kibakuli cha chini kulikuwa kitu ya rangi ya chai nzito, inavutika kama asali, inanuka vernisi ya mbao. Ile njo ilikuwaka esansi (petroli) yangu. Na chini ya kofia ya moteri bapanya walishajenga nyumba nzima, nyasi kavu na sponji walitoa mu kiti changu. Nilipoteza wiki 3 za kwanza za mvua, na zile njo wiki za kazi, majani inapanda sawa imetumwa, masomo wakachukua mutu mwingine.

Hangari iko ya matofali, mabati juu, chini udongo mutupu. Mama ya nyumba anapikiaga mule kama mvua inanyesha, mbabula iko mu kona. Mwaka huu sitaki kurudilia. Nianzie wapi?

Fundi wa Katuba
Yaya, umeandika shida yako vizuri lakini ile yenye iko inanitisha umeiweka mwisho kabisa. Toa mbabula mule leo, usingoje kesho. Mvuke ya esansi iko nzito kupita hewa, haipandi juu kutokea mu mabati, inashuka chini inatembea hivi kwa udongo mpaka inakuta makala yenye kuwaka. Tanki inaweza kuwa imefungwa vizuri na mvuke ikatoka vilevile mu kifuniko. Na ukitoka kukata, acha moteri ipoe inje, usiingize ya moto. Kuwasha moteri ndani na mlango umefungwa pia hapana, ule moshi unaua, na ile sumu yake haina harufu.

Sasa esansi. Haikai. Siku 30 hivi inaanza kuharibika, ile nyepesi inaruka, yenye inabaki inageuka ile asali uliona. Kuko njia 2. Ya kwanza, unaweka dawa ya kutunza esansi mu tanki yenye kujaa, unawasha dakika 10 inje ili ile dawa ifike mpaka mu karbirateri (hapa njo batu wengi wanakosea, wanamwaga dawa mu tanki na wanafunga palepale, karbirateri inabaki na ile ya zamani). Ya pili, kama hupati dawa: toa esansi yote na kipipo, tia mu gari yako itaunguza bila shida, kisha washa moteri mpaka ijizime yenyewe, ukimaliza legeza ule bulo wa chini ya kibakuli, matone ya mwisho yatoke. Mimi kwa hapa kwetu napendaka ya pili, ju dawa haipatikani kila siku na bei yake iko juu.

Mama Solari
Baba Pelusi, bateri usiiache juu ya mashini. Toa waya wa moins kwanza, kisha plus, na kurudisha ni kinyume, plus kwanza. Iweke mu nyumba pahali pa baridi, juu ya ubao. Bateri ya volti 12 yenye kujaa inasoma 12.6 ama zaidi, ikishuka chini ya 12.4 na unaiacha vile, zile plake ndani zinapata chumvi nyeupe na hairudi tena hata uchaji wiki nzima. Mimi niko na ya pikipiki tatu, kila mwezi tarehe moja napima yote, yenye imeshuka naichaji polepole na paneli kupitia regilateri. Usiunge paneli moja kwa moja kwa bateri bila regilateri, utaichemsha.

Kijana Ruashi
Mi nilikuwaka nafunga yangu yote mu bashi ya plastiki, nafunga na kamba mpaka chini, vumbi haiingii hata kidogo. Jaribu.

Fundi wa Katuba
Ndugu yangu wa Ruashi, kwa vumbi uko na haki, mwezi wa 8 vumbi nyekundu inaingia kila pahali. Lakini udongo unapumua maji, usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 baridi inashika, ile maji inagandamana chini ya plastiki na haina pa kutokea. Chuma inalala mu unyevu. Tumia kitambaa, shiti ya kitanda ya zamani inatosha, na chini wazi.

Mwana wa Goma
Nathibitisha hiyo ya unyevu. Sisi huku Goma tuna shida ya mlima, gesi ya milima ya moto Nyiragongo na Nyamulagira ikichangana na mvua inakuwa asidi, mabati yanaoza haraka, na chuma chochote chenye rangi imetoka kinafuata. Nakata majani ya jengo moja karibu na ziwa. Nilichojifunza ni kugeukia chini ya deki. Majani mabichi yanashikana pale kama keki, yanashika maji, na deki inatobokea toka chini wakati juu bado inang'aa. Kwangua yote na kipande cha mbao, osha, acha ikauke kabisa juani, halafu pakaa mafuta ya moteri kidogo na kitambaa. Ila mbele ya kuingiza mkono chini, chomoa waya wa buji (plagi). Wembe ukizungushwa na mkono unaweza kuwasha moteri.

Na ukishatoa wembe unoe, usinoe tu na kurudisha. Piga msumari ukutani, tundika wembe kwa tundu lake la katikati, uachie. Upande unaoshuka ndio mzito, upunguze na tupa kidogo kidogo mpaka ukae sawa kama mizani. Wembe usio sawa unatetemesha deki nzima na unakula beringi.

Baba Pelusi (Lubumbashi)
Aksanti sana, kweli nimesoma yote mara 2. Mbabula imetoka jana jioni, iko ku baraza, nimemuelezea mama ya nyumba na yeye mwenyewe akabeba makala. Esansi nimetoa. Lakini kuko kitu kimenishangaza. Nilichomoa ule mti wa kupimia mafuta ya moteri, mafuta imepita alama ya juu, na mimi sijaongeza hata tone. Imekuwa nyepesi sawa maji, na inanuka esansi.

Fundi wa Katuba
Usiiwashe! Asanta kwa kupima. Ile ni pwento ya karbirateri (kile kisindano chenye kinafungia esansi) haifungi, esansi inateremka polepole kutoka tanki, inapita mu silinda, inaingia mu mafuta. Mafuta ya vile haishiki chuma, ukikata nayo siku moja moteri imekwisha. Fanya vidanji (kubadilisha mafuta ya moteri), yako inataka litre 1 na nusu hivi, SAE 30 kwa joto yetu iko sawa, weka karibu na alama kisha pima, usimwage yote bila kuangalia. Na tia robine ndogo mu kipipo kati ya tanki na karbirateri, kila ukimaliza kazi unafunga. Pwento pia badilisha, haina bei kubwa.

Vidanji ulikuwa ufanye tu hata bila ile shida. Kila masaa 50 ama mara moja kwa mwaka, na inafanywa mbele ya kulaza, haiko kisha, ju mafuta chafu iko na asidi na itakula moteri miezi yote 6. Kisha toa buji, mwaga kijiko kikubwa cha mafuta safi mu tundu, zungusha moteri na mkono mara 3, rudisha buji.

Mzee Bukavu
Mwanangu, kwa udongo: mwaga simenti, na chini yake utandike plastiki nzito, unyevu usipande. Kama franga haijatosha, weka mbao 4 nene chini ya magurudumu, lakini huko kwenu mchwa wanapenda mbao, basi afadhali matofali. Mipira upige upepo wa kawaida kabla, yangu ni PSI 14 mbele na 10 nyuma. Panya: ziba tundu la silensie na la hewa kwa kitambaa chekundu, na ufunge karatasi kwenye usukani ili ukumbuke kukitoa.

Baba Pelusi (Lubumbashi)
Mzee aksanti. Swali ya mwisho, kuko mutu ananiambia niiwashe dakika 5 kila mwezi ili isisahau.

Fundi wa Katuba
Hapana yaya. Dakika 5 haitoshi kupashisha moteri, inaacha maji mu mafuta na mu silensie. Umeshaitoa esansi, iache ilale. Mwezi wa 10 mwishoni urudi hapa tuifungue pamoja.

Baba Pelusi (Lubumbashi)
Sawa. Vidanji nimemaliza leo saa 10, robine nimetia, bateri iko mu shambre. Kitambaa chekundu nimeomba kwa binti yangu, karatasi ameandika yeye: TOA KITAMBAA.