Kindi aliyekufa Lang'ata: nitajuaje asili yake?

Mpangaji_Langata
Habari wadau. Wiki jana paka wa jirani alimuua kindi kwetu. Wa kijivu, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Jirani anaapa ni wa kigeni, eti alifugwa na mtu akatoroka, sasa tutavamiwa. Nimemfunga kwenye nailoni nikamtia friza, na mama ameshasema Jumamosi ikifika atoke kindi au nitoke mimi. Nasomea biolojia, mwaka wa pili. Nianze na mifupa au DNA? Pesa sina.

Mzee_wa_Mafuvu
Kijana, DNA baadaye. Bustani za Nairobi zina kindi wetu, Paraxerus ochraceus, na rangi yake hudanganya wengi. Vaa glavu, mpime. Kindi wa kijivu wa Marekani hufika nusu kilo. Wetu hagusi hata nusu ya hiyo. Kisha meno. Wa kijivu ana 22. Binamu yake Sciurus niger ana 20, hana kile kijino kidogo kilichotangulia magego ya juu, na mifupa yake ni ya waridi! Ila wetu pia ana 22, kwa hiyo usihesabu meno ukasahau mizani.

Paka_Apewe_Digrii
Jina langu linatosha.

Dada_Maabara
Mzee amesema kweli, lakini fuvu hutaja spishi, si safari. Kabla ya kuchemsha kichwa, kata kipande cha sikio utie kwenye ethanoli ya asilimia 95. Formalini hapana, huharibu DNA. Jeni ya saitokromu b (kipande cha DNA cha kutambulia spishi) italinganishwa na zilizohifadhiwa kimataifa. Kumbuka hiyo hurithiwa kwa mama pekee: chotara atakuonyesha ukoo wa mama tu, wa baba usiuone.

Na jeni peke yake hupotosha. Kindi wa kijivu wa Cape Town wana asili ya Marekani, lakini Cecil Rhodes aliwatoa Uingereza. Bila kumbukumbu za watu ungesema walivuka bahari mara moja. Kule Stupinigi, Italia, mwaka 1948 waliachiliwa wanne tu. Wazazi wachache hivyo huacha alama: jeni za wajukuu hazitofautiani sana.

Halafu mpeleke Makumbusho ya Taifa, wana mafuvu ya kulinganisha. Usikae naye bila kuuliza KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) habari ya kibali.

Mpangaji_Langata
Asanteni. Nimempima kwa mizani ya unga (mama asijue): robo kilo hafiki. Ni mkia tu ulionitia kiwewe. Sikio liko kwenye ethanoli, kesho nampeleka Makumbusho. Jirani bado anabisha.