MREJESHO: Forester kushtuka kwenye kona kali

Wakuu heshima kwenu. Niliulizia ile Subaru Forester yangu automatiki (tairi zote nne zinavuta) ambayo ukikata kona kali taratibu, mfano unapaki, inagoma na kushtuka kama kuna mtu kakanyaga breki, na fundi wa kwanza kashaniambia gia boksi kwisha tafuta nyingine. Mdau mmoja akasema nisitoe hela kwanza, nifungue boneti nichomeke fyuzi kwenye kale kanafasi kameandikwa FWD, yaani gari ivutwe na tairi za mbele tu. Nimefanya, taa ya FWD ikawaka kwenye dashibodi, nikazungusha usukani mpaka mwisho pale kwenye lami Njiro, kimya, gari laini!

Basi nikaenda kwa fundi mwingine Unga Limited, mzee wa watu hata hakugusa gia boksi, akachukua futi ya fundi cherehani akaizungushia tairi moja moja. Tairi za mbele kashata (yale meno) nzima, nyuma vipara, na inatakiwa mzunguko usipishane zaidi ya robo inchi! Nimeuziwa hivyohivyo. Zikipishana, shafti ya mbele na ya nyuma hazizunguki sawa, klachi ya kati (ile ya ndani ya gia boksi inayopeleka nguvu nyuma) inasagana muda wote, kwenye vumbi la kwetu Moshono tairi inateleza husikii kitu, lami ndo inakuumbua.

Nimefunga tairi 4 mpya saizi moja aina moja (mfuko umelia), hydroliki ya gia (oili ya gia boksi) ilikuwa nyeusi inanuka kuungua nikamwaga, fyuzi nimechomoa. Kushtuka kumebaki kwa mbali gari ikishapata moto, fundi anasema tubadili hydroliki tena ndo tuamue kama klachi ifunguliwe. Nani kashafungua hiyo klachi hapa Arusha, bei ikoje?