Aliyeniuzia maganda ya risasi yaliyopigwa "mara moja tu" nusura anipofue, na bado anauza!!

Wakuu habari. Nina hasira na sitaificha.

Niko huku Kansas magharibi, Marekani, mwaka wa sita sasa, nafanya kazi kwenye ranchi ya ng'ombe. Kuanzia mwezi wa pili ng'ombe wanapoanza kuzaa, alfajiri zangu zote ni koyote, wale mbwa mwitu wadogo wa huku, maana wanakuja ndama hajasimama vizuri, bado ana utelezi, wanaanza kumla kwa nyuma. Natumia bunduki ya risasi aina ya .22-250. Wanaoijua wanaijua, kichwa cha risasi cha greni 55 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kinatoka mtutuni kwa zaidi ya mita 1,100 kwa sekunde, koyote akiwa mita 200 na ushee unalenga palepale unapotaka impate. Risasi za dukani bei haishikiki kwa mtu wa mshahara wangu, kwa hiyo najaza mwenyewe gereji, yaani nachukua ganda lililokwisha pigwa natia baruti na kichwa kipya, na sheria ya huku kujaza za matumizi yako huhitaji leseni.

Sasa kuna jamaa kwenye grupu letu la wawindaji, mwenzetu kabisa wa Kiswahili, watu wanamwita fundi. Mwaka jana mwishoni akatangaza maganda 200, anasema yamepigwa mara moja tu. Nikamuuliza, kaka, mara moja kweli? Akanijibu "mdogo wangu, mi nikudanganye wewe ili iweje". Nikalipa. Yakaja yanang'aa kama sufuria mpya, nikafurahi, kumbe kule kuyasugua mpaka yang'ae ndo kulificha alama ambazo zingenishtua.

Jumanne iliyopita, risasi ya tatu. Mlio haukuwa ule niliouzoea, nikahisi moto umenipiga shavuni na vitu kama mchanga vikagonga miwani. Nikakaa chini kwanza nikajipapasa uso. Nilipovuta bolti, kile chuma kinachofunga risasi kwa nyuma, kikatoka kitako tu cha ganda, kama kizibo, kimekatika mduara mzima utadhani mtu kapitisha msumeno, mwili na shingo vimebaki ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kwenye bunduki. Kioo cha kulia cha miwani kina madoa mawili meusi yameingia ndani ya plastiki, hayafutiki. Nisingevaa miwani leo ningekuwa naandika kwa jicho moja.

Kwa wasiojua, iko hivi. Ukipiga, shaba ya ganda inatanuka mpaka inabana kuta za chemba. Ukilirudisha kwenye dai, kalibu ya chuma ya kulirudisha umbo, linabanwa tena na bega, pale linapoanza kupungua kuelekea shingoni, linasukumwa chini. Ukisukuma bega kupita kiasi, kila ukipiga ganda linavutika kwa urefu, na mahali linapovutikia ni pale juu kidogo ya kitako, shaba inakuwa nyembamba, nyembamba, mpaka siku linakatika. Kwa kawaida haitokei kwa kupiga mara moja! Na presha ya .22-250 inaruhusiwa kufika psi 65,000 (kipimo kilekile cha upepo wa tairi), tairi la gari lako lina 32 au 35, piga picha hiyo ikikurudia usoni.

Usiku huohuo sikulala. Nikang'oa vichwa kwenye risasi zote nilizokuwa nimejaza, nikanyoosha kibanio cha karatasi, nikakunja ncha kidogo nikainoa, nikaanza kupitisha ndani ya ganda moja moja, unagusa chini halafu unavuta juu taratibu ukisugua ukuta. Kama kuna mfereji, yaani pale shaba ilipokwisha kuwa nyembamba, ncha inakwama, unaisikia kabisa kidoleni. Maganda 61 yalikuwa na mfereji. Sitini na moja wakuu! Nikageuza vitako nikaangalia kwa lenzi, mengi yana alama za ejekta, kipini kinachorusha ganda nje, mbili hadi tatu, kila moja imekaa upande wake. Ganda lililopigwa mara moja linapataje alama tatu? Halafu praima, vile vidude vya kitakoni vinavyowasha baruti, nazo zilikuwa zinaingia laini mno, dalili kwamba tundu limepanuka kwa kupigwa mara nyingi, hapo nakiri nilitakiwa kusimama, nikadhani ni presi yangu, mashine ya kujazia.

Nikampigia. Hakuuliza hata naendeleaje, neno la kwanza "umezidisha baruti wewe". Mimi nina daftari!! Baruti ya kila ganda naipima kwenye mizani, mezani inakaa baruti ya aina moja tu, na nilianzia kiwango cha chini kabisa cha kitabu cha mtengenezaji. Tena baruti ikizidi praima inabonyea inakuwa bapa na bolti inagoma, yangu ilifunguka kirahisi na praima bado ina mviringo wake. Nikamtumia picha zote. Amezisoma, kimya, kesho yake kaniondoa kwenye grupu.

Na kilichonifanya niandike ni hiki hapa. Juzi rafiki yangu aliyebaki kwenye grupu ananiambia jamaa sasa anauza risasi kabisa zilizokwisha jazwa, kwenye mifuko ya plastiki, hazina hata karatasi ya kuonyesha ni baruti gani na greni ngapi. Kujaza risasi za kuuza huku ni lazima uwe na leseni ya serikali kuu, na yeye hana, alishatuambia mwenyewe. Kwenye lile grupu kuna vijana wamenunua bunduki ya kwanza mwaka huu, hawajui mfereji wala ejekta, wanachojua ni kwamba fundi ni mtu wetu na bei yake ni nafuu. Risasi aliyojaza mtu mwingine usiyemjua daftari lake hupigi, basi, hata akiwa shemeji yako.

Kama ulinunua maganda ya .22-250 kwa mtu wa aina hiyo, chukua waya leo kabla hujaenda porini, usiniambie mbona yangu yamepiga mara mbili salama, la kwangu lilikatika risasi ya tatu, hizo mbili za mwanzo zilikuwa safi kabisa. Anayetaka picha za ganda na miwani anicheki nitamtumia.

Na wewe kaka, najua unasoma hapa. Hela sitaki. Nitajie uliowauzia tu, niwapigie mimi mwenyewe mmoja mmoja.