Kisu cha kukunja, ncha imekatika: nichonge kwa tupa, grainda au cherehe?

MvuviSahare
Asalam aleikum wadau. Kisu changu cha kukunja kimeniponyoka juzi pale Deep Sea, Tanga, ncha imekatika kama nusu kucha. Nataka nikichonge upya nyumbani. Tupa ninayo, jirani ana grainda, na yupo mzee wa cherehe ya baiskeli (lile jiwe la kunolea linalozungushwa kwa pedali) anayepita Ngamiani. Niende na ipi?

KobeWaPongwe
Kisu gani, chuma gani? Unauliza bei ya ng'ombe na ng'ombe hujamleta.

MamaTasi
Mzee wa cherehe. Dakika tano, unarudi jikoni.

ChumaChakavu
Shehe, grainda usiiguse. Mimi nilikuwa na kisu cha kukunja, Opinel Na. 8 ya Mfaransa, ile ya chuma kinachoshika kutu. Nikaona makali manene, nikaazima grainda. Cheche zinaruka, moyo kwatu! Kutazama, karibu na ncha pamekuwa rangi ya majani makavu, mara zambarau, mara buluu. Nikachovya kwenye ndoo, nikajua nimeokoa. Wapi! Ikifika buluu ni karibu nyuzi joto 300, ugumu umeshatoka na maji hayaurudishi. Jioni nakata kamba ya nanga, makali yakalala upande kama bati la debe. Nikanoa, yakalala tena. Sasa kinafungulia makopo ya rangi.

KobeWaPongwe
Kosa ni Opinel yenyewe. Kwa upepo huu wa bahari, ukikatia ngisi usiku asubuhi kina madoa. Stenlesi tu.

ChumaChakavu
Kifute, kipake mafuta ya nazi. Babu zako walikuwa na stenlesi?

FundiMakorora
Tupa, ila ijaribu mgongoni kwanza. Ikiteleza bila kung'ata, hamia kwenye jiwe. Na usile upande wa makali! Shusha mgongo mpaka ukutane nayo. Ukila chini, ncha inapanda, ukikunja inachungulia nje ya mpini na kukutoboa paja. Kikunje kila baada ya tupa kumi uangalie.

MvuviSahare
Nimewaelewa. Kisu ni cha zawadi, jina hakina. Kimeandikwa hakishiki kutu, ila kinayo.

KobeWaPongwe
😂😂

MamaTasi
Mzee kapita leo Barabara ya Nane, kaninolea hadi mkasi. Hivi kinoo cha pande mbili napata duka gani hapa mjini?

FundiMakorora
Unataka cha kunolea nini, dada? Kisu cha samaki au mkasi?