Nusu ya mshahara inalipa deni la duka: naomba ushauri (Lubumbashi)

MamaKatuba
Hodi wamama na wababa. Tuko sita nyumbani, hapa Katuba. Baba watoto ni mlinzi wa usiku, analeta dola 150 kwa mwezi. Dola 40 zinaenda kwa mwenye nyumba. Mimi ninakaanga vitumbua asubuhi, siku nzuri vinaniachia franga 6,000. Unga wa bukari (ugali) ninanunua meka moja moja, kile kipimo cha sokoni, kila siku, makala (mkaa) kwa kifuko. Ikifika tarehe 20 ninakopa dukani, na mshahara ukiingia nusu yake inalipa deni. Juzi mtoto wangu wa mwisho alilamba sahani, akaigeuza akalamba na upande wa chini. Nikatoka nje asinione nikilia. Nikate wapi tena?

DadaKamalondo
Pole sana, mama. Huna cha kukata. Badilisha namna ya kununua. Meka ya kila siku ndiyo inakumaliza, maana faida ya muuzaji unailipa mara thelathini kwa mwezi. Sasa tuko mwezi wa 5, mahindi mapya yanaingia. Mvua zikirudi mwishoni mwa mwaka bei inapanda, na huku tunategemea sana unga wa Zambia unaopitia mpakani Kasumbalesa. Mnakumbuka 2024, ukame ulipowapiga wale, tulivyohangaika. Nunua mahindi ya punje, upeleke mashini kusaga kidogo kidogo. Pumba usiwaachie, jirani mwenye kuku atainunua.

BabaRuashi
Kweli, lakini yasiyokauka yataoza. Mimi nilipoteza gunia zima: nililiweka chini kwenye simenti, likagusa ukuta. Uma punje kwa meno. Ikivunjika kwa mlio imekauka, ikibonyea anika tena. Gunia likae juu ya mbao.

MamaKatuba
Asante baba. Ila pesa ya gunia nitaitoa wapi, na deni bado?

MwalimuKampemba
Ongea na mwenye duka umlipe kidogo kidogo kwa miezi mitatu, bila kukopa tena. Gunia nunueni wawili na jirani, mgawane. Uko kwenye likelemba, ule mchango wa kupeana pesa kwa zamu? Ingia na wauza vitumbua wenzako, watu mnaojuana, uombe zamu yako iangukie mwezi wa 8, kabla masomo hayajaanza. Na kama wadogo wanasoma shule ya binafsi, angalia ya serikali: tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, unabaki na madaftari na sare.

BibiMpishi
Mwanangu, huyo mdogo ndiye ananiuma. Saga kapenta kavu (dagaa) pamoja na kalanga, umtilie kijiko kwenye matamba (kisamvu) au uji wake kila siku. Maharage loweka usiku kucha, chungu funika, mbabula (jiko la makala) usiiweke penye upepo, makala yatakaa. Lengalenga (mchicha) panda hata kwenye gunia la udongo karibu na mlango, uinyweshe maji uliyooshea mboga.

MamaKatuba
Bibi, maharage yako majini tangu jioni. Jirani amekubali gunia nusu kwa nusu, Jumamosi tunaenda soko la Kenya, hapa hapa mjini. Mambo ya zamu nitawauliza wenzangu kesho asubuhi. BabaRuashi, mbao nimepata mbili, zinatosha?

BabaRuashi
Zinatosha. Zitenge na ukuta.