Mrejesho: binti yangu na baleti hapa Malindi

Mwaka jana niliuliza kama binti wa miaka 12 amechelewa kuanza baleti, ile dansi ya jukwaani ya kusimamia ncha za vidole vya miguu, na kama mtu anaweza kula kwa kucheza. Asanteni mliojibu, hata yule aliyesema nimpeleke akajifunze cherehani.

Tulipata mwalimu anayekuja wikendi kutoka Mombasa. Kuhusu umri alinitajia Misty Copeland wa Marekani: alianza na miaka 13, na mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika daraja la juu kabisa la wachezaji wa American Ballet Theatre, kundi kubwa la baleti la huko. Nikanyamaza.

Shida ni sakafu. Nyumbani kwetu ni saruji tupu, na mwalimu alipoiona alipiga marufuku kuruka. Kumbi za baleti huwa na sakafu ya mbao inayobonyea kidogo, la sivyo miundi na magoti huumia. Basi binti anashika dirisha, visigino pamoja, vidole nje, anakunja magoti polepole. Kumbe miguu hugeuzwa kuanzia nyongani. Ukilazimisha kwa nyayo tu, goti ndilo linaloumia.

Viatu vya kusimamia vidole bado, mpaka mguu ukomae. Sina haraka: mchezaji wa kulipwa anaweza kumaliza jozi nzima kwa onyesho moja!

Bibi yake aliyekuwa akinuna sasa ndiye msimamizi: “Shusha mabega, mjukuu wangu.”

Kuhusu kazi, wengi huacha jukwaa wangali vijana, kwa hiyo shule haiachwi. Mlioniambia nichague moja, shule au baleti, hapo sikubaliani nanyi.