Marlene Dietrich: nianze na ipi kati ya hizi tatu?

Mpenda_Sinema: Wakuu, habari za jioni. Picha za Greta Garbo nimezimaliza, sasa nataka kuingia kwa mwigizaji mwingine, Marlene Dietrich, zile za sinema ilipoanza kusema. Bando lililobaki linatosha picha moja tu. Nimebakiwa na tatu: Der blaue Engel (1930), Morocco (1930) na Shanghai Express (1932). Zote kaongoza Josef von Sternberg. Nianze na ipi?

Mama_Ngamiani: Der blaue Engel, bila kupepesa macho. Dada huyu alishacheza picha kadhaa za bubu huko Ujerumani bila kuvuma hivyo. Sauti ndiyo iliyomtoa. Na nyota wa picha ile hakuwa yeye, alikuwa Emil Jannings, mtu wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Jannings anahangaika na uso mzima. Marlene kakaa juu ya pipa, goti kalikunja, anaimba kama hataki. Sasa niambie picha kaondoka nayo nani! Halafu usikilize mlango wa chumba cha kuvalia: ukifunguliwa, muziki wa ukumbini unaingia, ukifungwa, unakatika. 1930 hiyo. Angalizo: waliipiga kwa Kijerumani na kwa Kiingereza. Chukua ya Kijerumani, ile nyingine wanatafuna maneno kama wana kokoto mdomoni.

Mzee_wa_Reli: Mama, heshima yako, lakini unampeleka kijana msibani. Yule mwalimu anayechezwa na Jannings anavyowikishwa kama jogoo mbele ya watu wa mji wake, mimi nilizima nikaenda kunywa maji. Aanze na Shanghai Express. Treni inatoka Peking, haijashika hata kasi, inasimamishwa na ng'ombe relini. Hapo tu nikajua niko nyumbani. Na mwigizaji Anna May Wong aliyemo humo anastahili uzi wake peke yake.

FundiTaa: Mzee kanena. Ile picha ndiyo iliyompa Lee Garmes Oscar ya upigaji picha. Taa kuu iko juu, mbele ya uso, mpaka chini ya pua panatokea kivuli kidogo cha kipepeo na mashavu yanabonyea. Nilijaribu kwenye sendoff moja: nikapandisha taa karibu na dari, bibi harusi akatoka malkia, shangazi mtu pembeni yake akatoka na mashimo mawili meusi badala ya macho. Salio langu nililisubiri miezi miwili. Taa ile inataka uso mmoja uliotulia. Ndiyo maana Marlene anasimama vile, kama anaogopa kumwagika.

Mpenda_Sinema: 😂😂 Pole kaka. Na Morocco mbona haina mtetezi?

Zuhura_K: Nipo. Der blaue Engel ilizinduliwa Berlin tarehe 1 Aprili 1930, na usiku uleule akaanza safari ya Marekani. Morocco ndiyo picha yake ya kwanza Hollywood, na ndiyo pekee iliyompatia uteuzi wa Oscar. Kiingereza kilikuwa cha kuungaunga. Inasimuliwa kwamba neno moja tu, "help", lilirudiwa mara chungu nzima. Lakini subiri atoke jukwaani na suti ya kiume na kofia ndefu. Anachukua ua kwa mwanamke aliyekaa mezani, anambusu mdomoni, halafu ua anamrushia Gary Cooper, anayecheza askari. Kanuni za maadili za sinema za Hollywood zilipokazwa 1934, tukio kama hilo lisingepita. Kasoro ipo: inakwenda pole pole mno. Na sijaona bado alichonacho yule askari mpaka mtu avue viatu vya visigino amfuate jangwani peku.

Mama_Ngamiani: Zuhura mwanangu, umeshammalizia mtoto picha!

Zuhura_K: Nisamehe mama, imenitoka. 🙈

Mzee_wa_Reli: Basi Morocco imeshatoka kwenye mashindano. Ukipata bando jingine kijana, tafuta Destry Rides Again ya 1939. Mwaka uliotangulia wenye majumba ya sinema walimtangaza gazetini kuwa ni sumu ya mauzo, yeye na Garbo wako. Akarudi na vichekesho vya makauboi, anapigana na mwanamke mwenzake hadi wanamwagiwa ndoo ya maji.

Mpenda_Sinema: Nimeamua. Der blaue Engel, ya Kijerumani. Naishusha usiku huu.

Mzee_wa_Reli: Haya. Ukifika kwenye jogoo, usije ukasema hukuambiwa.